Baridi Niliyomwombea Mwaniki

Jumatatu, 21 Julai

Wameukata mti wa Gichuki.

Asubuhi nilipotoka kwenda kwa daktari wa macho ulikuwa umesimama. Niliporudi mchana, nje ya geti langu palikuwa na kisiki cheupe na unga wa mbao, na vijana wa bustani za mtaa wanafagia kana kwamba wameokota karatasi tu. Gichuki, marehemu mume wangu, aliupanda mforosadi huo mwaka tuliohamia hapa Midrand, Afrika Kusini. Wakati wa ukame aliumwagilia maji yake ya kuogea. Kaburi lake liko Nyeri, mpaka upande ndege na tena gari. Hapa nilikuwa na mti.

Nimemwita Pacifique, yule Mrundi anayesimamia vijana hao. Alivua kofia kabla sijasema neno.

"Pole, Mama Kawira. Tumetumwa na mwenyekiti. Amesema umekufa, utaangukia nyumba yako."

"Umekufa? Pacifique, hii si Julai?"

"Mimi nakata ninachoambiwa, mama."

Mwenyekiti wa kamati ya bustani ni Mwaniki, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Mkenya mwenzangu. Alihamia hapa Desemba kutoka Nairobi, mvua inanyesha na kila kitu kimejaa majani. Hii ndiyo baridi yake ya kwanza. Ameona mti hauna hata jani moja, akaamua ni maiti. Hajui kwamba miti ya huku huvua kila kitu ikalala, Septemba ikaamka. Si angeuliza? Nyumba yangu ina kengele, na mimi nina mdomo.

Atanitambua.

Jumanne, 22 Julai

Kengele imelia nikiwa bado na kanga ya kulalia. Ni Mwaniki, na toroli limejaa kuni.

"Dada Kawira! Nimekuletea za kuotea moto. Nikawaambia vijana, za kwanza ziende kwa dada, ana baridi pale peke yake."

Alikuwa amezipasua mwenyewe, viganja vimetoka malengelenge, na anatabasamu hadi magego.

"Ulikuwa umekauka kabisa," akasema. "Mimi nilikuwa naota umekuangukia."

Umekauka! Kuni zinatoa utomvu mweupe, zinamchafua shati, na bado anasema umekauka. Nilifungua mdomo nimpe ukweli wake. Halafu nikaufunga.

Kwa sababu namjua. Angeshika kichwa, angepiga magoti hapo barabarani, angelia. Na Jumamosi angesimama kwenye ushirika wetu wa Wakenya akaomba msamaha mbele ya watu, na pale ukishaombwa msamaha huna pa kukimbilia. Wanakuzunguka, wanaimba, mnashikishwa mikono, na kabla chai haijapoa umeshasamehe. Nimewaona wakimfanyia hivyo mama mmoja aliyegongewa gari na muumini mwenzake. Alikumbatia huku shingo imemsimama mishipa.

Sitaki kumsamehe. Kwa hiyo hataambiwa.

"Asante sana, ndugu Mwaniki," nikamwambia. "Mungu akubariki."

Kuni nimezipanga gerejini. Sichomi hata kipande.

Jumatano, 23 Julai

Baridi kali. Sakitu, barafu ya alfajiri, imelala juu ya nyasi, nyeupe kama unga wa ugali. Namsikia akikohoa upande wa pili. Hata kikohozi chake nakichukia.

Jumamosi, 26 Julai

Ushirika ulikuwa Kyalami. Kwenye kuombeana nikajikuta nimeshikana mkono na yeye, malengelenge na yote. Akakohoa, akaomba neno.

Binti yake Valerie ameposwa. Kijana ni Chris Otieno, wazazi wake wako Pretoria miaka mingi. Tarehe sita Septemba wanakuja nyumbani kwa Mwaniki kuhanda ithigi, ndiyo ile desturi ya Wakikuyu ya watu wa mvulana kuja kuweka alama kwamba msichana huyu ana mwenyewe. Watu wakapiga vigelegele. Nikapiga na mimi, ningefanyaje?

Baadaye akanifuata kwenye meza ya chai. "Dada, ile nyumba yangu imekuwa jangwa. Nyasi zimekuwa rangi ya simba. Wageni wanakuja tarehe sita, mimi nataka maua, nataka migomba miwili getini kama kwetu. Wewe ndiye mwenye bustani kuliko wote. Hebu nishike mkono."

Nilikunywa chai yangu taratibu.

"Wacha nifikirie," nikasema. Lakini nilikuwa nimeshafikiria.

Jumapili, 27 Julai

Mpango ni huu, na niuandike nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikukusudia.

Agosti ya huku ni tapeli. Katikati ya mwezi jua linawaka, watu wanavua sweta, mipichi inatoa maua ya waridi. Mgeni anadhani baridi imekwisha. Halafu, mwezi ukikaribia kuisha, upepo unatoka Cape, huko kusini, na asubuhi moja kila kitu kichanga kimekuwa cheusi. Mwaka wetu wa kwanza mimi na Gichuki tulipanda nyanya tarehe kumi Agosti, sisi na akili zetu za nyumbani. Tulizikuta zimekuwa kama mchicha uliochemshwa.

Yeyote anayeishi hapa hapandi kitu laini kabla ya Septemba kushika. Mwaniki atapanda. Nitampandia mimi.

Ameua kitu kilicho hai akidhani kimekufa. Basi nitampa vitu vilivyo hai, avipende, halafu avitazame vikifa.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimekwenda kwake na glavu zangu. Nimemwonyesha pa kuchimba. "Tukianza sasa," nimemwambia, "tarehe sita itakukuta umeshiba maua."

"Si bado ni baridi?"

"Mwaniki, nani kaishi hapa?"

Akacheka. "Haya, mwalimu. Nyinyi Wameru hamjibiwi."

Jumanne, 5 Agosti

Tumechimba. Mgongo.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumekwenda na gari lake la kubebea mizigo kununua miche. Nimechagua mwenyewe, kila kisichopenda baridi: bogenvilia changa, haibiskasi, begonia, na migomba miwili yenye majani mapana. Muuzaji aliniangalia kidogo. Nikamwangalia vizuri zaidi, akaenda kutafuta maboksi.

Kwenye robot, taa za barabarani za kuingilia mtaani kwetu, Mwaniki akasema, bila kuniangalia, "Gichuki alikuwa na bahati." Kisha taa ikawa kijani.

Nilikasirika mpaka nyumbani. Ana ruhusa ya nani kulitaja jina hilo?

Jumanne, 12 Agosti

Nyuzi ishirini na tatu. Jua la kishenzi. Begonia zimefungua.

Alhamisi, 14 Agosti

Moto zaidi. Haibiskasi moja imetoa ua jekundu, kubwa kama sahani ya chai. Mwaniki aliniita kwa kelele nikafikiri mtu kaumia. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ua hilo, suruali ya kazini imejaa udongo, ameinamia ua kama mtu anayemnusa mtoto mchanga. Kila jioni akitoka kazini anamwagilia kabla hajala. Valerie anasema siku hizi anaiongelesha migomba Kikikuyu.

Baridi iko wapi? Mwaka huu umekuwaje?

Jumamosi, 16 Agosti

Leo katika ushirika, wakati wa sala ya kimya, nimeomba baridi. Nimeomba kwa jina la Yesu, Mungu anisamehe, nimeomba ishuke juu ya nyumba moja tu, kulia kwa barabara, geti jeusi. Mwaniki mwenyewe alisema "Amina" na mimi nikasema "Amina."

Jumatatu, 18 Agosti

Valerie amekuja kwangu peke yake, na maandazi. Msichana huyu anafanya kazi Braamfontein, anarudi amechoka, lakini bado anakuangalia machoni unapoongea. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Anti, mama anafika kutoka Nairobi tarehe nne. Lakini shangazi zangu hakuna anayeweza kuja, nauli imewashinda wote. Na siku ile lazima kuwe na shangazi. Wa kunifunika leso, wa kunitoa mbele ya wageni, wa kukaa karibu na baba akijibu maswali ya wazee." Akanisogezea maandazi. "Nimemwambia baba nataka uwe wewe."

Mimi na Gichuki hatukupata mtoto. Nimehudhuria posa za watu miaka yote, nikapangwa na wapishi au na wale wanaokaa nyuma karibu na spika. Hakuna aliyewahi kunitaka mbele.

"Baba yako alisema nini?"

"Alisema hakuna mwingine."

Nimekubali. Nimekubali kabla sijakumbuka nimepanda nini kwenye uwanja nitakaposimama.

Jumanne, 19 Agosti

Nimetoa vitenge vyote sandukuni. Nimejaribu kile cha buluu. Bado kinanikaa.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimejipa ukweli wangu. Naweza kuacha. Nina vitambaa vya kufunikia mimea, marobota mawili gerejini, vile tulivyonunua baada ya zile nyanya. Baridi ikija, nampelekea, tunafunika, bustani inapona, mimi nakuwa shangazi, mambo yanakwisha.

Lakini asubuhi nimetoka kuchukua gazeti, na miguu yangu yenyewe ikakizunguka kisiki kama mtu anayezunguka dimbwi. Hasira ikarudi yote, na riba. Kwa nini yeye alale vizuri? Anapita pale kila siku na gari lake, ananipungia mkono, "Sharp, dada!", anapita tu.

Nyuzi ishirini na tano. Eish.

Jumatatu, 25 Agosti

Pacifique na vijana wake wamepita kufyeka nyasi kavu kando ya ukuta. Ameitazama bustani ya Mwaniki, akanitazama mimi, akaendelea na kazi. Pacifique ni mtu wa kunyamaza. Nashukuru.

Alhamisi, 28 Agosti

Upepo umegeuka mchana. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia ubaridi umenipanda kutoka miguuni. Redio inasema theluji imeshaanguka milimani huko kusini na inakuja.

Saa kumi na mbili jioni simu ikalia. Mwaniki.

"Dada Kawira, Valerie ameona kwenye simu yake kwamba usiku utakuwa wa barafu. Anauliza kama tufunike maua. Nina mashuka hapa. Unasemaje?"

Nilikuwa nimesimama gerejini. Kwa nini nilikuwa gerejini sijui, nadhani nilikuwa nimekwenda kuchukua marobota. Nilikuwa nimeshavishika vitambaa, naapa nilikuwa nimevishika. Na pembeni yake zile kuni, zimekauka kweli sasa, zimepasuka miisho.

"Dada? Uko?"

"Niko."

"Tufunike?"

"Achana na simu za watoto," nikasema. "Kila wiki zinatangaza barafu. Mashuka yatavunja maua. Lala."

"Kweli?"

"Mwaniki, nani kaishi hapa?"

Akacheka kile kicheko chake. "Asante, dada. Bila wewe ningefanya nini?"

Nilikata simu. Nikajipikia uji, nikaunywa wote, nikalala. Nililala vizuri, hilo pia niliandike.

Ijumaa, 29 Agosti

Nyeusi. Yote.

Nilitoka jua likiwa limeshapanda kidogo. Nyasi zilikuwa nyeupe mpaka barabarani. Begonia zimekuwa uji. Haibiskasi zimeinamisha vichwa, majani yanavuja. Ile migomba, majani yake yalikuwa yananing'inia kama nguo zilizoloa. Nilisimama getini kwangu na kusema kimoyomoyo, haya, Gichuki, ona.

Mwaniki alikuwa katikati ya bustani na pajama na koti. Hakuwa analia. Alikuwa anashika jani moja moja, anajaribu kulisimamisha, linaanguka, anashika lingine. Valerie alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. Wiki moja kabla ya siku yake.

Nilikuwa nimeingoja asubuhi hii tangu Julai. Nilidhani itakuwa na ladha. Nilirudi ndani bila kuvuka barabara.

Jumamosi, 30 Agosti

Ushirika ulikuwa zamu yangu, hapa sebuleni kwangu. Nilikaanga maandazi, nikapanga vikombe. Nilifikiri hatakuja. Akaja wa kwanza, na Valerie.

Baada ya wimbo akaomba neno. Nikajua anakwenda kuniaibisha, na nikasema moyoni, vizuri, nina majibu. Akasimama pale kwenye zulia langu.

"Ndugu zangu, nimemkosea mtu hapa. Dada Kawira ametoa mwezi mzima wa jasho lake kwa ajili ya binti yangu. Mgongo wake mbovu, bado alichimba. Mimi kazi yangu ilikuwa kutunza tu. Sijui nimefanya nini, labda nilizidisha maji, labda ningefunika hata hivyo. Kila kitu kimekufa mkononi mwangu. Dada, nimekuharibia kazi yako. Naomba unisamehe."

Na akapiga magoti. Kweli akapiga magoti, mtu mzima, na wimbo ukaanza nyuma yake, na mikono ikaanza kunisogeza. Mama mmoja akaninong'oneza, "Msamehe, Kawira, msamehe tu." Nimehesabu kila neno la mtu huyu tangu Julai nikilikwepa hilo moja, na sasa ananiletea kwa kosa ambalo ni langu! La kwake hata halijui!

"Nyamazeni!" nikasema. Wakanyamaza.

"Ule mti haukuwa umekufa."

Alinitazama tu. "Mti gani?"

"Mforosadi! Nje ya geti langu! Gichuki aliupanda, na ulikuwa umelala, kila mwaka hulala, na wewe ukaukata ukaniletea kuni, ukacheka! Nimekupandia vitu vya kufa, Mwaniki. Nilijua barafu inakuja. Vitambaa vya kufunikia viko hapo gerejini. Nimekwambia usifunike kwa sababu nilitaka vife."

Mwaniki alikuwa bado amepiga magoti.

"Ulikuwa mzima?" akasema. "Na mimi nikakuletea kuni zake."

Hakuniuliza lolote kuhusu maua. Alijaribu kuinuka, mtu akamshika kiwiko.

Valerie ndiye aliyenisogelea. Nilikuwa tayari kwa matusi, ningeyapokea. Alisimama karibu kabisa, akaniangalia machoni kama kawaida yake.

"Anti, mimi nilikukosea nini?"

Wakaondoka wote. Vikombe vimebaki mezani vimejaa.

Jumatatu, 1 Septemba

Nilikuwa na majibu ya kila mtu. La Valerie sina. Nimelitafuta siku mbili nikifua, nikipika, nikikoga. Sina.

Jumatano, 3 Septemba

Nimevuka barabara na marobota ya vitambaa. Ya nini sasa? Nimeyaacha getini nikarudi haraka.

Alhamisi, 4 Septemba

Teksi imemleta mama yake Valerie kutoka uwanja wa ndege. Mwanamke mrefu, kofia ya manjano. Alitazama bustani, akatazama nyumba yangu. Ameshaambiwa.

Ijumaa, 5 Septemba

Wanaleta viti. Maua meusi wameyang'oa, wametandika mikeka juu ya udongo. Kile kitenge cha buluu nimekirudisha sandukuni.

Jumamosi, 6 Septemba

Magari kutoka Pretoria yamefika saa tano. Nimekaa jikoni, dirisha limefungwa, na bado nimesikia kila kitu. Wamemfunika Valerie na wenzake leso, wageni wakaambiwa wamtambue. Kicheko. Nani alimtoa? Nilisikia sauti ya mama mmoja wa ushirika, yule aliyegongewa gari. Alijitahidi, lakini alikuwa anaharakisha. Mahali pale unatakiwa kuchelewa, uwachezee kidogo wageni, uwaambie msichana amechoka, anataka apakwe mafuta kwanza. Vigelegele vikapanda. Nilipiga na mimi kimoja, jikoni, taratibu.

Jua lilikuwa linazama kengele ilipolia. Valerie, bado na shanga shingoni. Ameshika sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya foili.

"Baba amesema shangazi asilale njaa."

Alisema "shangazi". Sijui kama ni yeye au ni baba yake anayesema hivyo. Akaniwekea sahani mikononi, akageuka. Hakuingia, hakutabasamu, hakukasirika pia.

"Valerie," nikamwita.

Akasimama.

"Hukunikosea kitu."

Akatikisa kichwa kwamba amesikia, akavuka barabara.

Jumapili, 7 Septemba

Mukimo, nyama, chapati mbili. Nilitaka kumwaga yote. Nimekula yote, nimesimama palepale kwenye sinki, mpaka mchuzi wa mwisho kwa kidole.

Asubuhi hii nimekaa na kuwaza kama Mwaniki ameniletea chakula kwa wema au kwa kisasi. Kama ni wema, simwezi. Kama ni kisasi, basi mtu huyu ni fundi kuliko mimi, kwa sababu sasa nina sahani yake nyumbani kwangu. Ya udongo, ina ukingo wa kijani, si ya kutupa. Lazima nivuke niirudishe mkononi mwao, na kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Nimeiosha, nimeikausha, iko mezani. Nimefungua kabati, nimefungua friji, nimetoka mpaka nyuma ya nyumba. Sijui niweke nini ndani yake.